Injinia Aliyesoma Matope

Kabla sijamwona nilimsikia. Ilikuwa sauti ya gambuti kwenye matope: chwap, kimya kifupi, chwap tena, kana kwamba mtu anaichovya miguu yake ndani ya asubuhi na kuichomoa polepole. Mvua ilikuwa imenyesha hadi alfajiri. Nilikuwa nimelala kwenye chumba nilichokuwa nimekodi nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner, chumba cha kwanza karibu na lango, na katika usingizi ule mwepesi wa mgeni nilidhani ni punda anayetafuta njia ya kutoka ndani ya ndoto yangu. Nilipofungua pazia niliona mwanamke wa makamo, suti ya kijivu iliyopigwa pasi, mwavuli wa buluu, na gambuti nyeusi za kiume zilizomfika magotini. Viatu vyake vya ofisini alivibana kwapani ndani ya mfuko wa karatasi.

Baba Shiro, mtunza ploti yetu ya vyumba vya kupangisha, alikuwa akifagia maji kuelekea mtaroni.

"Huyo ni nani?" nilimuuliza kupitia dirisha.

"Injinia. Wa nyumba ya nyuma. Mvua ikinyesha huwezi mpata kwa nyumba. Ameenda kusoma."

"Kusoma nini?"

"Matope," akasema, akaendelea kufagia, kama mtu aliyekuambia jirani ameenda kanisani.

Katika miaka yote niliyomjua sikumsikia mtu akimwita kwa jina. Mwenye duka la nyama alimwita Injinia, watoto wa ploti Mama Injinia, na Baba Shiro alipotaka kumtania alimwita Serikali. Alifanya kazi katika ofisi moja ya mipango ya barabara, juu kabisa ya jengo la zamani katikati ya jiji. Ilikuwa miaka ambayo Nairobi iliota sana kuhusu barabara. Matatu zilikuwa zimepakwa mstari wa manjano na abiria wamefungwa mikanda. Magazeti yalichora barabara zinazopita hewani, treni zinazong'aa, na njia za kuzunguka mji ambazo zingechukua msongamano wote na kwenda kuumwaga mbali, kama maji ya kuoshea vyombo. Jiji lilikuwa kama mtu aliyesinzia kwenye foleni akaota anakimbia. Injinia hakuzipinga ndoto hizo, na baadhi alizichora kwa mkono wake. Ila alikuwa na kipande chake kidogo alichokipenda kuliko vyote: mahali watu wanapovuka.

Udongo wa upande wetu wa mji ni mwekundu, mzito, wenye mapenzi. Ukiukanyaga haukuachi. Kila asubuhi watu hutoka Kawangware kwa miguu kwenda Lavington, kina dada wa nyumbani, watunza bustani, mabawabu wa zamu ya mchana, na baada ya mvua kila mmoja hubeba kipande cha njia chini ya kiatu chake. Wakifika kwenye lami, udongo unabaki. Mia moja wakipita mahali pamoja, lami inapata mstari mwekundu kutoka ukingo huu hadi ule, na mstari huo hukaa hadi magari yaukaushe na kuutawanya. Hayo ndiyo matope aliyoyasoma.

Nilifuatana naye mara kadhaa, siku za mapumziko, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya kuta za Lavington na maua ya jakaranda yamelala barabarani kama nguo zilizoanguka kwenye kamba. Alisimama ukingoni akatazama chini kwa muda mrefu. Hakuandika chochote. Alikuwa akiinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili, kama mama anayesikiliza kama mtoto wa chumba cha pili amelala kweli.

"Kwa nini usiwaulize tu wanavukia wapi?" nilimwambia siku moja.

"Niliwauliza, zamani. Ukimuuliza mtu anavukia wapi atakuambia anavukia penye usalama. Hakudanganyi, mwanangu. Anakuambia anachotamani." Akanyoosha mwavuli kuelekea ule mstari. "Huyu hapa hatamani. Huyu anachelewa kazini."

Na yeye mwenyewe aliogopa kuvuka. Hili lilinishangaza hadi nikalizoea. Aliweza kusimama kando ya Ngong Road hadi magari yote yaishe, na kwa kuwa hayaishi, alimshika mkono mtu yeyote aliyekuwa karibu, hata asiyemjua, akamwambia, "Twende wote, baba," na kuvuka akiwa amefumba macho. Baba Shiro alimwona siku moja akivukishwa na mwanafunzi wa shule ya msingi, akarudi kwenye ploti akiwa amejaa habari.

"Serikali imevukishwa leo na mtoto wa darasa la pili."

"Darasa la tatu," Injinia akamjibu kutoka jikoni kwake. "Na alikuwa na adabu kukushinda."

Lakini mwanamke huyu aliyefumba macho mbele ya gari alikuwa na mapenzi makubwa ya magari yanayokimbia. Zamani, wakati wa Pasaka, alifunga chapati na chupa ya chai akaenda kukaa kando ya njia za vumbi kusubiri mbio za magari. Alisimulia kwa macho yaliyolowa jinsi vumbi lilivyotangulia, kisha mngurumo, kisha gari lenyewe likitokea pembeni likiwa limeinama kama ndege anayegeuka. "Nilikula vumbi hadi jino likalalamika," alisema. Nilimuuliza inawezekanaje apende kile anachokiogopa. Alifikiri, akasema kule hakukuwa na mtu aliyetaka kufika upande wa pili.

Ofisini kwake mjini niliingia mara chache. Kulikuwa na madirisha marefu yasiyofunguka na sauti ya honi iliyopanda kutoka chini ikiwa imechoka. Katikati ya chumba, juu ya meza pana, kulikuwa na mji. Vijana wa ofisi walikuwa wameutengeneza kwa mbao nyembamba na kadibodi, Nairobi ya siku zijazo, yenye miti ya sifongo na magari madogo ya plastiki yaliyopangwa vizuri bila foleni. Mtu angeweza kuutazama mji ule hadi akasahau njia ya kurudi nyumbani. Kitu kimoja tu hakikuwepo. Injinia alikiona siku ya kwanza, na siku ya pili alikuja na ndengu kwenye mfuko, akazimwaga kiganjani na kuziweka moja moja kando ya barabara, kwenye kona, mbele ya shule za kadibodi.

"Hizi ni nini?" wageni walimuuliza.

"Watu."

Mfagizi alizifagia. Akaziweka tena. Mkubwa wa ofisi alimwambia kwa upole kwamba wageni kutoka nje wanakuja na meza imechafuka kwa chakula. Alizitoa, wageni walipoondoka akazirudisha. Mwishowe mfagizi mwenyewe akawa anazinyanyua kwa uangalifu, anapangusa vumbi, na kuzirudisha zilipokuwa, na hata akamshauri aongeze karibu na soko.

Jumapili alikaa mbele ya mlango wake akichambua mboga na kusimulia ndoto zake. Aliota mji ambao mtu angetoka Kawangware hadi katikati ya jiji chini ya kivuli, asiinue mguu kupanda wala kuushusha. Aliota magari yakija taratibu kama ng'ombe wanaorudi. Katika ndoto moja barabara zote zilikuwa zimejaa maji yaliyotulia na watu walivuka juu yake wakiwa na viatu mkononi, wakisalimiana. Aliposimulia, sauti yake ilishuka, na hata Baba Shiro aliacha kupiga nyundo. Kisha angetikisa mboga na kusema, "Basi. Haya ni mambo ya kitandani."

Kosa lake alilisimulia mwenyewe, kwa yeyote, bila kuombwa, kama mtu anavyoonyesha kovu la mguu.

Kwenye ile barabara inayoingia Lavington kulikuwa na uwanja wa wazi, na mbele kidogo ya uwanja palikuwa na kona, ambapo kichochoro chembamba kilitokea kati ya kuta mbili na ua mkubwa wa bogenvilia ulifunika macho ya dereva. Ofisi ilikuwa imempa nafasi ya kivuko kimoja upande huo. Alikwenda baada ya mvua, akakwenda tena, akakwenda tena. Mbele ya uwanja alikuta matope mekundu mapana kama shuka, makubwa kuliko yote aliyowahi kuona. Hakuwa na shaka. Alichora kivuko pale, mistari ikapakwa, vyuma vikawekwa kandokando, na mkubwa wake akaja kupigwa picha.

Hema lile jeupe uwanjani alikuwa ameliona. Alilitazama na hakulifikiria. Ulikuwa mkutano wa injili, wa majuma kadhaa, katikati ya masika, na kila asubuhi kabla ya kazi na kila jioni baada ya kazi watu walivuka pale kwenda kwenye maombi. Mkutano ulipokwisha, hema lilikunjwa, na watu wakarudi kwenye njia yao ya siku zote, konani, mbele ya bogenvilia. Kivuko kikabaki kinavusha mbuzi.

Mwikali aligongwa konani asubuhi moja akiwa anakimbia kwenda kazini. Alikuwa dada wa nyumbani katika nyumba moja ya Lavington, msichana mrefu mwenye mdomo mwepesi. Mguu wake ulivunjika mahali pabaya. Injinia alisikia ofisini, akachukua machungwa, akaenda hospitalini na kukaa kando ya kitanda cha mtu asiyemjua. Aliniambia walivyozungumza.

"Wewe ndiye wa barabara?" Mwikali alimuuliza.

"Ndiye mimi."

"Sasa mama, mbona mliweka zile laini kwa uwanja?"

"Niliona mnavuka pale."

"Pale tulikuwa tunaenda kuombewa," Mwikali akasema. "Kazi ni kwa kona."

Kila aliposimulia aliishia hapo, na nilijifunza kutouliza zaidi.

Tangu siku hiyo alikuwa na jambo moja tu. Kabla ya kustaafu, na kustaafu kulikuwa karibu, alitaka kivuko kihame kutoka uwanjani kije konani. Halikuwa jambo rahisi, na hakujifanya ni rahisi. Kona si mahali pa kivuko, kwa kuwa dereva haoni. Ingebidi matuta yawekwe kabla ya kona, pande zote mbili, na ule ua wa bogenvilia ukatwe hadi kiunoni. Aliomba. Wakamwambia kivuko cha eneo lile kimeshatolewa. Aliomba tena. Wakamwambia mpango mkubwa wa jiji unakuja na utamaliza mambo yote hayo kwa pamoja, kwa nini kushona kiraka kwenye nguo inayotupwa? Akarudi nyumbani siku hiyo na viatu vya ofisini vikiwa vimejaa matope. Alikuwa amepita konani bila kukumbuka kuvaa gambuti.

Mwikali alitoka hospitalini na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, na fimbo. Mwajiri wake alimrudisha kazini. Kila asubuhi akavuka pale pale, kwa kuwa kichochoro kilitokea pale pale. Alianza kumtembelea Injinia Jumapili alasiri, siku yake ya mapumziko, na nilizoea kusikia fimbo yake ikigonga saruji ya ploti na Baba Shiro akimwambia, "Karibu, mama wa miguu mitatu," naye akijibu, "Asante, baba wa meno mawili."

Siku moja ofisi iliwaalika wananchi kwenye ukumbi mjini watoe maoni kuhusu ule mpango mkubwa. Meza yenye mji wa kadibodi ililetwa mbele. Injinia aliwaalika kina dada wanaovukia konani, na wachache waliopata ruhusa walikuja wamevaa nguo za kanisani, wakakaa safu ya nyuma kabisa wakiwa wameshikilia mikoba kwenye mapaja. Mimi nilikaa nao. Mkubwa wa ofisi, mtu mstaarabu mwenye sauti ya redio, alizungumza kwa kirefu. Alisema juu ya miaka mingi ijayo. Kidole chake kilipita juu ya barabara kama wingu. Nakiri ilikuwa nzuri, na nilijisikia ninabebwa.

Kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Kiti kikakwaruza nyuma, na Mwikali akasimama kwa fimbo yake.

"Mimi nimeskia huu mpango ni mzuri sana," akasema. "Hiyo treni ni safi. Lakini mimi navuka kesho asubuhi. Sasa kesho nivukie wapi?"

Watu wakacheka, si kwa ubaya.

"Unatoka upande gani, dada?" mkubwa akauliza.

"Kawangware. Naingia Lavington kwa ile kona ya maua."

"Kuna kivuko pale. Mbele ya uwanja. Kimejengwa vizuri."

"Ni kizuri, bosi. Mbuzi wameshukuru."

Ukumbi ukacheka zaidi, na safari hii mkubwa pia akatabasamu. Alisubiri kicheko kiishe. "Dada yangu, konani hatuwezi kuweka kivuko. Si salama. Hata Injinia wetu hapa anajua."

Injinia alisimama. Alikuwa amekaa kando ya ile meza, na niliona mkono wake umefunga kitu.

"Ni kweli si salama," akasema. "Ndiyo maana naomba matuta mawili na ua ukatwe. Hawa hawatahama kona. Mimi niliwahamisha kwenye karatasi, wakakataa kuhama kwa miguu."

Akafungua mkono na kuweka ndengu kwenye kona ya kadibodi, zote alizokuwa nazo, rundo dogo la kijani. Hakuna aliyecheka. Mkubwa alilitazama lile rundo, akasema watalishughulikia, neno ambalo katika ofisi nyingi humaanisha kabati.

Miezi ikapita. Alistaafu bila jibu. Walimfanyia keki na kumpa saa ya ukutani. Binti yake alimtafutia nyumba ndogo Parklands, ghorofa ya tatu, karibu na hekalu la Wahindu, kwa kuwa magoti yalikuwa yameanza kumsumbua na ploti yetu ilikuwa na utelezi. Baba Shiro alimbebea vitu hadi kwenye lori, hakumwita Serikali siku hiyo. Mimi pia nilihama baada ya muda, nikaenda upande mwingine wa mji, na barabara ile ya kona sikuipitia tena.

Nilikwenda kumwona alasiri moja, mwaka uliofuata. Jua lilikuwa limelala sakafuni na kengele za hekalu zilipanda hadi dirishani zikiwa laini, kama vijiko vinavyogongana nyumba ya mbali. Alikuwa amepungua. Alinipa chai, akauliza habari za kila mtu, hata za mwenye duka la nyama. Muda mrefu nilisubiri ataje kona, hakuitaja, basi nikauliza mimi.

"Nasikia walipeleka lori pale," akasema. "Nasikia."

"Hukwenda kuona?"

"Binti yangu alitaka kunipeleka kwa gari. Nilikataa." Alizungusha kikombe kwenye kisahani. "Nikienda mimi nitaona ninachotaka kuona. Nilishakwenda mara nyingi, na macho yangu haya haya, baada ya mvua. Uliona nilichokileta."

Tulikaa tukisikiliza kengele hadi zikaisha. Ndipo mlango ukabishwa, na kabla sijainuka Mwikali akajifungulia mwenyewe, akiwa na fimbo mkono mmoja, paipai mkono wa pili, na mfuko wa dawa begani. Alikuwa ametumwa na mwajiri wake kuchukua dawa hospitalini pale Parklands, akaiba dakika chache.

"Shikamoo mama. Sikai. Lango la kazini linafungwa."

"Marahaba. Kaa basi hata kidogo. Habari ya kazi?"

"Kazi iko." Akaweka paipai na dawa mezani, akakaa ukingoni mwa kiti. "Si waliweka?"

Injinia hakuuliza nini. "Wapi?"

"Kwa kona. Juma lililopita walimaliza kupaka. Na maua walikata, sasa naona gari ikiwa huko mbali. Matuta ni mawili, lakini moja iko karibu sana. Dereva akiiona amesharuka."

"Karibu kiasi gani?"

"Kama hapa na choo yako."

"Wameisogeza," Injinia akasema kwa hasira, na mgongo wake ukanyooka kwa mara ya kwanza alasiri ile. "Niliwachorea mbali. Niliwachorea mara mbili. Magari yanasimama?"

"Mengine yanasimama. Mengine ni kichwa ngumu." Mwikali akacheka kidogo, akaunyoosha ule mguu. "Lakini zamani si nilikuwa nakimbia, mama? Hata na hii fimbo nilikuwa nakimbia. Leo nimetembea. Kwanza nimefika katikati nikaona kamba ya kiatu imefunguka, nikainama nikaifunga."

"Katikati ya barabara?"

"Katikati. Kulikuwa na gari kubwa ya wenye pesa. Dereva akanipigia honi, lakini kidogo, ile ya kuuliza. Nikamaliza kufunga. Akangoja."

Injinia aliweka kikombe chini. Alimtazama Mwikali kiatu chake, kile cha mguu mfupi, cha turubai nyeupe, kamba yake imefungwa fundo mara mbili, na alikitazama kwa muda mrefu akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Mwikali alimwacha atazame. Kisha akachukua dawa za mwajiri wake, akasema paipai ikatwe leo leo kwa kuwa imeiva sana, na akainuka.

"Unarudi kwa njia ile ile?" Injinia akamuuliza.

"Ile ile. Kwani kuna nyingine?"

Akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.